Maswali ya Wasomaji: Mwandishi wa Hollywood Anapotaka Kuongoza

Barua nyingi za toleo hili zinawahusu waandishi wa Hollywood wanaohamia kwenye uongozaji. Tumejibu tano.

Swali: Ndugu Mhariri, mara nyingi husemwa kwamba mwandishi fulani "amepewa" nafasi ya kuongoza filamu aliyoiandika. Anapewa na nani? Na kwa nini mwenye fedha amkabidhi mamilioni ya dola mtu ambaye hajaongoza hata filamu moja?

Jibu: Hapewi, ndugu msomaji. Nafasi hiyo anainunua kwa skripti yake, na lazima ainunue kabla ya kusaini mkataba wa mauzo. Akishasaini, hana tena cha kushikilia. Preston Sturges alikuwa mwandishi anayelipwa vizuri sana Hollywood, lakini skripti ya *The Great McGinty* aliwauzia studio ya Paramount kwa dola 10 tu, sharti likiwa aiongoze yeye mwenyewe. Filamu ikatoka mwaka 1940 na kumpatia Oscar ya uandishi. James Cameron naye aliuza haki za *The Terminator* kwa mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola 1, kwa sharti lile lile.

Kumbuka kwamba wote wawili walikuwa na skripti iliyo mali yao. Mwandishi aliyeajiriwa na studio aandike wazo la studio yuko mahali pengine kabisa: sheria ya Marekani huihesabu studio kuwa ndiyo mwandishi na mwenye hakimiliki tangu ukurasa wa kwanza. Anaweza kuomba aongoze, ila hana cha kuwanyima wakikataa. Kwa hiyo wanaotaka kiti cha kuongoza huandika kwanza kwa gharama yao wenyewe, bila kutumwa na mtu.

Mtayarishaji kwa kawaida hanunui siku hiyo hiyo. Hulipa kiasi, kwa desturi karibu asilimia 10 ya bei kamili, ili skripti isiuzwe kwa mwingine kwa miezi 12 au 18 wakati anatafuta fedha. Soma mkataba huo neno kwa neno. "Mwandishi ataongoza" ni sharti. "Mwandishi atafikiriwa kwanza" ni adabu tu, haimfungi mtu. Kipo pia kifungu kinachosema utalipwa ujira wa uongozaji hata ukiondolewa. Wengi hukishangilia, lakini hicho hulinda mfuko wako, kiti hakikilindi.

Hatari kubwa huja skripti inapopendwa kupita kiasi. Nyota mkubwa akiitaka, bajeti hupanda. Ikipanda, wenye fedha huongezeka. Na nyota wengi wana haki ya kumkubali au kumkataa mwongozaji. Hapo mwandishi huwekewa mezani fedha nyingi zaidi ili aachie kiti. Si aibu kuzichukua, ila ajue kwamba anauza kiti chenyewe na kwamba skripti nyingine ya kukinunulia itabidi aiandike upya.

Kuhusu imani ya mwenye fedha, mara nyingi hutoka kwa mtu wa tatu. Lawrence Kasdan alikuwa ameshaandika *Raiders of the Lost Ark*, na hata hivyo *Body Heat* ya mwaka 1981 ilihitaji George Lucas, mwongozaji wa *Star Wars*, amsimamie kama mdhamini, bila jina lake kuonekana kwenye filamu. Tony Gilroy aliandika filamu za Bourne na bado alihitaji George Clooney akubali kuigiza ndipo *Michael Clayton* ya mwaka 2007 ipate fedha. Kwenye filamu zisizo za studio kuna pia kampuni ya dhamana, inayomhakikishia mkopeshaji kwamba filamu itamalizika. Hiyo haisomi skripti kwa mapenzi. Inataka ratiba, akiba ya karibu asilimia 10 ya bajeti, na watu wazoefu pembeni ya mgeni, hasa msaidizi wa kwanza wa mwongozaji na mpigapicha mkuu. Ratiba ikivurugika sana, mkataba unairuhusu kuishika filamu na kumweka kando mwongozaji.

Swali: Skripti yangu ina kurasa 118, yaani karibu dakika 118 za filamu. Nimeambiwa ni ndefu mno kwa mtu anayeongoza mara ya kwanza. Mbona filamu nyingi zina karibu saa mbili?

Jibu: Urefu wa filamu si tatizo. Tatizo ni siku. Tuseme umepata siku 25 za kupiga picha, kiasi cha kawaida kwa filamu ndogo. Kurasa 118 kwa siku 25 ni karibu kurasa 4 na robo tatu kila siku. Katika siku ya saa 12, kikosi kizuri kinaweza kupata shoti (vipande vinavyopigwa kamera ikiwa mahali pamoja) 18 hivi, kwa sababu kila kamera ikihama, taa huhama, na kuzipanga upya huchukua nusu saa au zaidi. Kwa hesabu hiyo kila ukurasa unapata shoti zisizofika 4. Ukipunguza hadi kurasa 90, unapiga 3.6 kwa siku, na kila ukurasa unapata shoti 5. Hiyo moja ya ziada ndiyo uso wa mwigizaji anayesikiliza, na mhariri wa picha ataililia usipoipiga.

Hesabu ya kurasa nayo hudanganya. Msaidizi wa kwanza hugawa kila ukurasa katika sehemu 8 na kupanga siku kwa sehemu hizo. Mstari mmoja usemao "kijiji kinateketea" ni sehemu 1 kati ya 8, lakini unaweza kula siku mbili. Mazungumzo ya kurasa 4 mezani huisha kwa siku moja bila jasho. Unapopitia skripti yako kama mwongozaji, weka alama kwenye kila kuhama lokesheni (mahali pa kupigia picha) ndani ya siku moja, kwani kufunga na kufungua vyombo hula saa moja na nusu hadi mbili. Weka alama kwenye usiku wa nje, wanyama, mvua na magari yanayotembea. Weka alama kwenye watoto pia: huko California sheria hupunguza saa zao za kazi kulingana na umri na hutaka mwalimu awepo. Kisha uliza ni lokesheni zipi mbili zinaweza kuwa moja. Mwandishi hupunguza maneno kwanza kwa sababu ndiyo anayoyajua. Lakini mistari mitatu ya mazungumzo ikiondoka haimwokoi mtu. Lokesheni ikiondoka inaokoa nusu siku.

John Huston alipoongoza mara ya kwanza, *The Maltese Falcon* ya mwaka 1941, alichora kila shoti kabla ya kuanza. Michoro mibaya inatosha. Kinachotakiwa ni uamuzi uwe umeshafanyika kabla kikosi hakijafika. Billy Wilder, aliyeanza Hollywood kama mwandishi na kuongoza huko kwa mara ya kwanza mwaka 1942, alimweka mhariri wa picha Doane Harrison karibu naye wakati wa kupiga picha, amwambie shoti hii itaungana vipi na ile. Kwa maoni yetu hilo la Wilder lina faida kuliko kozi yoyote ya kamera.

Swali: Ni makosa gani waandishi hufanya wakiwa na waigizaji?

Jibu: La kwanza na baya zaidi: wanasikiliza badala ya kutazama. Mwandishi husikia maneno yake yametamkwa yote na kusema "safi", kumbe mwigizaji hakumtazama mwenzake hata mara moja. Kazi ya kufuatilia maneno ni ya msimamizi wa skripti, aliye hapo kwa ajili hiyo na mwendelezo wa vitu. Mwachie.

La pili, humtamkia mwigizaji mstari jinsi anavyotaka usikike. Atakuiga, na utapata mwigo. Mpe kitendo: mfukuze, mbembeleze, mcheleweshe asiondoke. Mstari ukigoma baada ya kurudia mara nne au tano, kosa huenda ni la mstari, na mwandishi yupo pale pale; aubadilishe. Hapo ndipo anapomzidi mwongozaji mwingine yeyote, na inashangaza wangapi huona haya kufanya hivyo.

La tatu huonekana kwenye uhariri. Mkusanyo wa kwanza wa filamu huwa mrefu na wa kukatisha tamaa. Mwanzo na mwisho wa sini (onyesho moja la filamu) ndiyo huondoka kwanza: kuingia, salamu, kuaga. Makubaliano ya DGA, chama cha waongozaji wa Marekani, humpa mwongozaji wa filamu ya sinema yenye bajeti ya kawaida angalau wiki 10 za kuhariri toleo lake kabla mtayarishaji hajaingia. Filamu za bajeti ndogo hupata muda mfupi zaidi. Mwandishi anayetumia wiki 5 kuitetea sini aliyoipenda kwenye karatasi ameshazila nusu.

Swali: Je, televisheni si njia rahisi zaidi?

Jibu: Ni fupi zaidi. Kwenye tamthilia za Marekani mwandishi mkuu ndiye bosi, naye huchagua nani aongoze kipindi kipi, kwa hiyo mwandishi aliyekaa misimu kadhaa anaweza kuomba kimoja na kupewa. Kipindi cha saa moja kwenye kituo kikubwa cha televisheni kwa kawaida hupigwa kwa siku 8 hivi, baada ya wiki moja ya maandalizi. Utajifunza kasi, na kikosi kinachojua kazi yake kitakubeba. Hutajifunza kubuni sura ya filamu tangu mwanzo, maana seti, waigizaji na namna ya kupiga picha vimeshaamuliwa.

Swali: Nikiongoza skripti ya mtu mwingine na kuiandika upya, jina langu litakaa kwenye uandishi? Na je, mwandishi anaweza kuchukua kiti mwongozaji akifukuzwa?

Jibu: La kwanza lina kizingiti. WGA, chama cha waandishi, hakimwamini sana mwongozaji anayejiongezea jina. Akipendekezwa kwenye orodha ya waandishi wa filamu pamoja na mwandishi mwingine, suala huenda moja kwa moja kwa wasuluhishi, wanaosoma matoleo yote bila kujua nani aliandika lipi. Mwandishi wa kawaida anayekuja baada ya mwingine kwenye skripti inayotokana na kitabu anahitaji mchango wa theluthi moja. Mwongozaji naye lazima aonyeshe mchango mkubwa. Hifadhi kila toleo na tarehe yake. Kubadilisha mazungumzo pekee mara chache hutosha. Muundo, wahusika na sini mpya ndivyo vinavyohesabiwa zaidi.

La pili, kwa kawaida hapana. Mwaka 1975 mwigizaji Clint Eastwood alichukua nafasi ya Philip Kaufman katikati ya *The Outlaw Josey Wales*, na DGA ikaweka kanuni kwamba mtu aliyekuwa tayari kwenye filamu hiyo hawezi kumrithi mwongozaji aliyeondolewa, isipokuwa kwa dharura. Mwandishi wa filamu hiyo naye kanuni inamgusa.

Ukiwa mwanachama wa vyama vyote viwili, jiandae pia kwa mgomo wa kimoja. Kati ya Mei 2 na Septemba 27, 2023, WGA iligoma na DGA haikugoma: mwandishi aliyekuwa akiongoza aliweza kuendelea kuongoza, lakini hakuruhusiwa kuandika sini mpya hata kama mvua imeifuta lokesheni yake.