Manjano yanalinda figo wakati wa dripu za saratani?

Swali: Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Anapigwa mionzi na kila wiki anatundikiwa dripu ya sisplatini. Tumesoma kwamba kurkumini ya manjano inakinga figo na sumu ya dawa hiyo. Tumpe vijiko viwili vya unga kwa siku, pamoja na pilipili manga?

Jibu la mfamasia: Manjano ya kwenye mchuzi aendelee kula. Vijiko vya unga na vidonge vya kurkumini msimpe.

Mlichosoma kipo, ila ni habari za panya. Sisplatini hurundikana ndani ya seli za mirija ya figo kuliko ilivyo kwenye damu, ikaharibu mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na kuvimbisha tishu za figo. Kurkumini, kwasetini ya vitunguu na thaimokwinoni ya habasoda zimepunguza madhara hayo kwa panya. Lakini panya hao kwa kawaida hawana saratani, na hupewa vitu hivyo kabla ya kuchomwa sindano moja kali ya sisplatini. Jaribio la namna hiyo haliwezi kuonyesha kama kinachookoa seli za figo hakiziokoi na seli za saratani.

Tazameni pia kipimo. Panya mara nyingi hupewa miligramu 200 za kurkumini kwa kila kilo ya uzito. Kwa hesabu ya kawaida ya kugeuza kipimo cha panya kuwa cha mtu tunagawa kwa 6.2, hivyo mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 2. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Hizo ni gramu 65 za unga, takriban vijiko 20 vya chai, kila siku. Na manjano mengi yana oksaleti, inayoweza kuganda fuwele kwenye mirija ile ile mnayotaka kuilinda. Juisi nzito ya mbirimbi, nayo yenye oksaleti nyingi, ni hatari zaidi: huko Kerala, India, imewahi kufelisha figo za watu ghafla.

Pilipili manga kweli huongeza kurkumini kwenye damu, lakini piperini yake huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, na dawa hizo zinaweza kuzidi mwilini.

Kinachomlinda mama ni dripu ya maji ya chumvi, mara nyingi yenye magnesiamu, kabla na baada ya sisplatini. Msikubali irukwe kwa sababu ya haraka. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha kama figo zinafanya kazi, ipimwe kabla ya kila dozi. Akiumwa, msimnunulie diklofenaki wala Brufen, maana hupunguza damu inayofika kwenye figo. Akiwa na homa, msimpe hata panado kwanza, mpelekeni hospitali.

Kutapika ndiko kunakowaponza wengi, kwa kuwa mwili hukauka wakati dawa bado imo kwenye figo. Akishindwa kutuliza maji tumboni kwa nusu siku, au mkojo ukipungua, mrudisheni siku hiyo hiyo. Na kabla ya dripu ijayo, mwonyesheni daktari wake kila unga, kidonge na mti shamba ambao ameshatumia, pamoja na kiasi chake.