Jibu: Buck 110 inavuta suruali, nifanyeje?

Salaam ndugu. Umesema Buck 110 yako, kile kisu cha kukunja, ukiitia mfukoni inavuta suruali na kugonga paja kila hatua, na unataka kuibeba kila siku bila kero.

Anza na mahali unapoiweka. Kisu hiki kina takriban gramu 200, na kikikunjwa ni kama sentimita 12.4. Uzito mwingi uko kwenye vipande vya shaba ya njano vya ncha mbili za mpini, ndiyo maana kinabembea mfukoni. Kimetengenezwa kukaa kwenye ala, yaani mfuko wake wa ngozi, mkandani.

Kagua mkanda kwanza. Ukiwa laini, ala itainama nje hata uiweke wapi. Tafuta mgumu, wa ngozi nene, unaojaza vizuri tundu la ala. Kisha isogeze nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Ikikaa mbele, ukiketi itakuchoma tumboni. Kwa anayeendesha gari sana, ala ya kulala, inayokilaza kisu sambamba na mkanda, ni bora zaidi, kwa maoni yangu.

Usiku kitoe kwenye ala. Ngozi hushika unyevu, na shaba ikilala humo huota ukungu wa kijani unaonata kwenye kona za mpini.

Bado kizito? Buck 112 ni ndogo, bapa lake sentimita 7.6, na 110 LT yenye mpini wa nailoni ina karibu nusu ya uzito. Ila usisage shaba kupunguza gramu. Ndiyo inayoshika pini ya bapa.