Kabla Baba Hajauza Ng'ombe: Kwa Wewe Uliyepangiwa Shule Usiyoijua

Juma lililopita binti mmoja wa Kanda ya Ziwa aliniandikia ujumbe mrefu ulioanza kwa "Shikamoo kaka" na kumalizika kwa swali ambalo nilikaa nalo siku sita kabla ya kulijibu. Amepata daraja la kwanza la pointi 14 katika mtihani wa kidato cha nne, na kwetu pointi zikiwa chache ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Aliomba kusoma fizikia, kemia na baiolojia katika mojawapo ya shule za vipaji maalumu, lakini majina ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, yalipotoka akajikuta amepangiwa shule ya bweni katika mkoa asiowahi kuukanyaga, shule ambayo hata mwalimu wake wa taaluma hajawahi kuisikia. Baba yake amesema atauza ng'ombe watatu ampeleke shule binafsi. Yeye ananiuliza: "Kaka, wewe ulisoma shule kubwa. Nikienda huku nilikopangiwa, sitakuwa nimejipoteza?"

Ni kweli, nilisoma shule yenye jina. Sitaitaja, kwa sababu sehemu ya nitakayoyasimulia haiipambi, na kwa sababu walimu wengi niliowakuta pale walinitendea mema ambayo sijayalipa. Ila naijua ndoto ya binti huyu kwa sababu ilikuwa yangu. Katika wilaya yetu mkoani Singida, majina ya shule kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato yalitajwa kama majina ya miji ya ng'ambo. Mwalimu wetu wa historia hakuwa akikosa kutukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, na kwamba Kibaha ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordiki, tena alilisema hilo kana kwamba yeye mwenyewe alibeba matofali. Tulikua tukiamini kwamba mwanafunzi akishapita katika lango la shule ya namna hiyo, kilichobaki ni kusubiri matokeo.

Matokeo yangu ya kidato cha nne ya mwaka 2016 yalikuwa daraja la kwanza la pointi 12, katika shule ya kata ambayo haikuwa imepata daraja hilo kwa miaka kadhaa. Nyumbani alichinjwa mbuzi. Baba mkubwa, ambaye hakuwa na mazoea ya kuniita kwa jina, aliniita "injinia" mbele ya wageni. Nilipopangiwa shule hiyo kusoma fizikia, kemia na hisabati, nilipanda basi mwezi Julai 2017 nikiwa na godoro, ndoo, ndala na kiburi kingi, na sioni haya kulikiri hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililonigharimu kuliko vyote.

Nilikuta vijana 126 wa tahasusi yangu, yaani wa mchanganyiko uleule wa masomo, na kila mmoja wao alikuwa "injinia" wa kijiji chake.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho wanachokifanya vijana wengi wanaoniandikia, na ndiyo maana nakieleza kwa urefu. Niliamua kwamba nitawashinda kwa kukesha. Kengele ya kumaliza prepo, masomo ya jioni, ikilia na wenzangu wakienda kulala, mimi nilibaki darasani nikiwa nimetumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili usingizi usinichukue, nikinakili madesa, yaani notisi, ya mwaka uliotangulia kwa mwandiko mzuri na kalamu za rangi tatu. Umeme ukikatika nilihamia ndani ya neti na tochi. Asubuhi nilisinzia katika kipindi cha hisabati, nikakosa hatua mbili tatu za ubaoni, kisha usiku nikakesha tena kuzitafuta zile hatua. Nilijaza madaftari makubwa manne. Wengine waliyaazima kwa uzuri wake, na mimi nikadhani kuazimwa madaftari ni dalili ya kujua.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulipotoka nilikuwa na F ya fizikia, S ya kemia (alama iliyo juu ya F tu) na E ya hisabati, nafasi ya 118. Jambo hilo lingeweza kubaki katika karatasi ya ripoti, lakini mwalimu mmoja aliona vema kuwasimamisha kumi wa mwisho mstarini, mbele ya shule nzima, akawasoma mmoja mmoja kwa majina na mikoa yao. Alipofika kwangu alisema, "Huyu alikosea basi, alikuwa anakwenda kwingine." Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua uso niuweke wapi. Nimekwisha kumaliza chuo, nina kazi, nina mtoto, na bado nikiona watu wamepangwa mstari mahali popote, hata kituo cha kupigia kura, tumbo hunishika.

Niseme wazi kwa walimu watakaosoma hapa: kijana hafundishwi kwa kuchekwa. Sikuinuka kwa sababu ya kicheko kile.

Aliyeniinua ni kijana wa Kigoma aliyelala kitanda cha juu yangu. Alikuwa ndani ya kumi bora na alikwenda kulala saa nne na nusu kila usiku, jambo lililonitia hasira kwa miezi kadhaa. Siku moja, tukisubiri maji bombani, aliniuliza: "Ukifunga jiwe zito kwenye uzi, na jiwe jepesi kwenye uzi wa urefu uleule, ukayabembeza kidogo, kwa nini yanabembea kwa muda uleule?" Nikamtajia fomula ya timazi kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa kwa wino mwekundu katika daftari langu. Akasema, "Hiyo ni fomula. Mimi nimeuliza sababu." Sikuwa nayo. Nilisimama na ndoo mkononi nikagundua kwamba katika madaftari manne yale hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho ningeweza kumweleza bibi yangu.

Akanieleza kwa Kiswahili. Jiwe zito huvutwa na dunia kwa nguvu kubwa zaidi, lakini kwa uzito wake huohuo ni gumu zaidi kusukumika. Kile linachozidishiwa upande mmoja linapunguziwa upande mwingine, kwa hiyo uzito hauonekani kabisa katika jibu. Maelezo yake hayakuchukua hata muda wa ndoo moja kujaa. Nilirudi bwenini nikaifungua fomula ileile, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba uzito haumo ndani yake, ilhali nilikuwa nimeinakili mara tatu.

Tangu hapo tukawa watu watano. Ubao ulikuwepo darasani lakini chaki zilifungiwa ofisini jioni, hivyo tulichanga shilingi mia tano kila mmoja tukanunua boksi letu. Tuliweka sheria moja: mwenye kuelewa kidogo kuliko wote katika mada ya siku hiyo ndiye anayeshika chaki. Mwezi wa kwanza chaki haikutoka mkononi mwangu. Nilieleza kwa Kiswahili, nikakwama, nikasahihishwa, nikaeleza tena, kisha tukaandika jibu kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, kwa sababu hilo nalo ni kazi ya pekee ambayo wengi huidharau. Sisi tuliotoka shule za msingi za Kiswahili tunajua jinsi swali linavyoweza kukushinda kwa lugha kabla halijakushinda kwa fizikia.

Sasa nirudi kwenye swali la binti, kwa kuwa shule kubwa zinatoa nini hasa ni jambo linalosemwa sana na kupimwa kidogo. Zinatoa maabara, na hilo si dogo. Kila somo la sayansi katika kidato cha sita lina karatasi yake ya vitendo, na mwanafunzi aliyeshika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia vimiminika, mara thelathini hatetemeki kama yule anayeiona katika mtihani wa majaribio. Zinatoa walimu waliozoea kufundisha kidato cha tano na sita, ambao wanajua mada gani huwasumbua vijana kabla vijana hawajasumbuka. Zinatoa ratiba isiyobembelezwa. Juu ya yote hayo zinakuweka na watu ambao hawaoni ajabu kubishana juu ya jiwe na uzi wakisubiri maji, na nasema hivi nikijua wazazi watanuna: sehemu kubwa ya sifa ya shule hizo hutokana na namna wanafunzi wanavyochujwa kabla hawajaingia langoni. Chukua vijana wa alama za juu wa nchi nzima, waweke pamoja hata chini ya mwembe, watafaulu.

Mwaka 2019, mwaka niliofanya mtihani mimi, shule iliyoongoza kidato cha sita kitaifa ilikuwa Kisimiri, shule ya serikali iliyoko katika miteremko ya Mlima Meru. Ilikwisha kuongoza mwaka 2016, na mwaka 2020 ikaongoza tena. Nakumbuka tulivyokuwa tukiulizana Kisimiri ni wapi, sisi wa shule zenye majina, kwa sauti ya mtu aliyepitwa na baiskeli akiwa ndani ya gari. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na mimi nilifurahi, ingawa watu wameendelea kuhesabu wenyewe usiku wa matokeo.

Kwa hiyo, binti, kabla ng'ombe hawajauzwa, mwombe baba akusaidie kuuliza mambo mawili kuhusu hiyo shule uliyopangiwa: je, ina mwalimu wa kila somo la tahasusi yako, na je, wanafunzi huingia maabara tangu kidato cha tano au husubiri mtihani ukaribie? Majibu yakiwa mazuri, nenda. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, ilhali ada ya shule binafsi nyingi huhesabiwa kwa mamilioni kwa mwaka, na ng'ombe watatu wanaweza kuisha kabla hujafika kidato cha sita. Majibu yakiwa mabaya, hasa la mwalimu, basi ni halali kuhangaika kuomba uhamisho au kubadili tahasusi, na hapo hata mimi sitamlaumu mzee kwa kulitazama zizi.

Ukishafika, eleza unachokisoma. Kieleze kwa mtu mwenye masikio, wala si kwa daftari. Tafuta watu wanne wenye nia. Hata shule isiyojulikana haikosi wanne. Elezaneni kwa lugha mnayoiota, kisha andikeni kwa lugha ya mtihani. Mkimaliza mada, chukueni mitihani ya miaka iliyopita, mkae kwa muda wa saa tatu kamili bila kufungua kitabu, mbadilishane karatasi na kusahihishana bila huruma. Halafu mlale. Najua utasoma sentensi hiyo ya mwisho na kuiruka, kama nilivyoiruka mimi nilipoambiwa. Beseni la maji baridi halijawahi kumfaulisha mtu ninayemjua, ila limewapa wengi mafua. Na usisubiri mwaka wa pili ndipo uanze, maana unaingia Julai na mtihani uko Mei, na ukitoa likizo hakuna zaidi ya miezi 18 ya darasani. Eleza unachokisoma. Narudia kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kukuapia.

Mimi nilimaliza na daraja la kwanza la pointi 7: B ya hisabati, B ya kemia, C ya fizikia. Si matokeo ya kusomwa redioni, lakini kutoka nafasi ya 118 niliyaona kama ufalme. Nilipokwenda kuchukua cheti, yule mwalimu wa mstarini alinipa mkono, akanipongeza kwa moyo mweupe na kuniuliza natoka mkoa gani. Hakukumbuka lolote. Kijana wa Kigoma alikuwa nyuma yangu, akanikanyaga kidole cha mguu ili nisiseme nilichotaka kusema.

Jana usiku nilimtumia binti majibu haya kwa ufupi, na leo asubuhi amenijibu kwamba baba yake amempigia simu mkuu wa shule. Walimu wa masomo yote matatu wapo. Maabara ipo, ingawa ni moja kwa masomo yote, na wanafunzi huingia kwa zamu tangu muhula wa kwanza. Ng'ombe wamebaki zizini. Katika orodha ya vifaa aliyotumiwa kuna godoro, ndoo mbili, jembe, fagio na rimu ya karatasi, na anauliza kama kuna kitu kingine cha kuongeza. Nimemwambia anunue boksi moja la chaki nyeupe, aliweke chini kabisa ya sanduku, mahali ambapo ndoo haitalilowesha.