Muulize Mwalimu: Mbona kwenye tamthilia neno la siri linabahatishwa upesi hivyo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tunapenda kuangalia sizoni za upelelezi usiku watoto wakishalala. Kuna jambo tunabishana kila siku. Mpelelezi akikuta kompyuta imefungwa, anatazama picha za ukutani, anawaza kidogo, anaandika jina la mtoto au la mbwa, na kompyuta inafunguka. Mume wangu anasema ni uongo wa waandishi ili kipindi kiishe ndani ya saa moja. Mimi nasema watu wenyewe ndivyo walivyo. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye hili niko upande wako. Mume wako ana hoja kuhusu mashine, nitaifikia, lakini kuhusu binadamu tamthilia hizo hazijadanganya sana.

Chukua Sherlock, ile ya BBC. Kuna kipindi kinaitwa The Hounds of Baskerville, kilirushwa Januari 2012. Sherlock yuko ndani ya kituo cha utafiti cha jeshi, anatafuta mafaili ya siri, na anahitaji neno la siri la meja anayekiongoza. Hana programu yoyote ya kuvunjia. Anakaa kwenye ofisi ya meja na kutazama. Rafu imejaa vitabu vya vita na vya Churchill, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, halafu anaona vitabu kadhaa kuhusu maisha ya Margaret Thatcher. Kuna picha ya baba yake meja, askari mwenye nishani, na Sherlock anahesabu kuwa huyu alipigana vita vya Falkland, ambavyo Uingereza ilivipigana Thatcher akiwa waziri mkuu. Basi Churchill anawekwa kando. Na mtu anayempenda kiongozi kiasi hicho hamwiti kwa jina rasmi. Sherlock anaandika “Maggie”, kifupi cha Margaret, na mafaili yanafunguka.

Mimi naiona sehemu hiyo ni kweli kabisa katika mantiki yake. Meja hakuwa mzembe. Alichagua kitu anachokipenda kwa sababu hakitamtoka kichwani, na sote tunafanya hivyo. Shida ni kwamba kile tunachokipenda hatukifichi. Tunakitundika ukutani, tunakiandika nyuma ya bajaji, tunakiweka kuwa picha yetu ya WhatsApp.

Wiki moja kabla ya hapo, Januari 1, 2012, walirusha A Scandal in Belgravia. Humo simu ya Irene Adler, mwanamke anayeshindana akili na Sherlock, inadai herufi nne, na kioo kinaonyesha maneno “I AM”, nafasi nne tupu, kisha “LOCKED”. Sherlock anahangaika nayo kipindi karibu chote. Anaipata pale tu anapokumbuka kuwa alimshika mkono yule mama na kuhisi mapigo ya moyo yakienda mbio. Herufi zenyewe ni S, H, E, R, na kioo kinasomeka “I AM SHERLOCKED”, jina la Sherlock mwenyewe limo ndani. Mama mwerevu kuliko wote mle ndani aliangushwa na jina la mtu aliyempenda. Hapo waandishi wamezidisha kidogo kwa ajili ya utamu, lakini chanzo cha udhaifu wamekipatia.

Sasa ondoka kwenye hadithi. Januari 2015 kipindi cha usiku cha Jimmy Kimmel huko Marekani kilipeleka mtu na maikrofoni mtaani, awaulize wapita njia maneno yao ya siri. Dada mmoja akasema lake ni jina la mbwa wake na mwaka aliomaliza shule. Bado hajataja neno lenyewe, anajiona yuko salama. Muulizaji akabadilisha mazungumzo: mbwa wako anaitwaje? Ulisoma wapi? Ulimaliza mwaka gani? Akajibu yote kwa furaha, mbele ya kamera. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna kompyuta iliyovunjwa.

Mbinu hiyohiyo imo kwenye kipindi cha kwanza cha Mr. Robot, kilichoanza Juni 2015, na hii ndiyo tamthilia ninayowashauri wanafunzi wangu waiangalie. Elliot, kijana anayeingia kwenye akaunti za watu, analipata neno la siri la mtaalamu wake wa saikolojia kirahisi: Dylan_2791, yaani msanii anayempenda na mwaka wake wa kuzaliwa ulioandikwa kinyumenyume. Kugeuza mwaka hakukumsaidia mama yule hata kidogo, kwa sababu programu ya kubahatisha nayo inajua kugeuza. Kwa mtu mwingine Elliot anapiga simu, anajifanya anatoka benki kitengo cha kuzuia udanganyifu, anauliza anwani, timu anayoshabikia na jina la mnyama wake wa nyumbani. Jamaa anajibu yote. Tazameni sehemu hiyo mara mbili, wewe na mume wako. Ni simu ileile tunayopigiwa hapa kwetu na sauti ya upole inayosema “tunahakiki taarifa zako”.

Hoja ya mume wako sasa. Ni kweli kwamba mpelelezi wa runingani anapewa nafasi ambayo wengi hawaipati. Huduma nyingi zinahesabu makosa na kukufungia baada ya majaribio machache. Kwa hiyo mwizi wa mbali, asiyekujua, hakai mbele ya kompyuta akiwaza jina la mbwa wako. Anasubiri kampuni fulani iibiwe orodha ya wateja, halafu anaifanyia kazi nyumbani kwake ambako hakuna wa kumfungia. Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yakiwa yamehifadhiwa waziwazi bila kufichwa. Lililoongoza lilikuwa 123456, limetumiwa na watu wapatao 290,000. Mengine yalikuwa majina ya watu, maneno ya mapenzi, tarakimu zilizofuatana. Tangu hapo orodha hiyo imekuwa kitabu cha kufundishia programu za kubahatisha, na ndiyo maana neno kama Neema1998 halisimami. Programu haimjui Neema wako. Inajua tu kwamba watu huandika jina kisha mwaka.

Mnaona basi: mtu wa karibu anabahatisha kwa kukujua wewe, na mashine ya mbali inabahatisha kwa kuwajua binadamu wote. Kitu tunachokipenda kinatuangusha kwa wote wawili.

SWALI: Mwalimu, kwenye filamu nyingi naona namba zinazunguka kwa kasi kwenye kioo, halafu ya kwanza inasimama, ya pili inasimama, mpaka zinakamilika. Kuna mashine ya hivyo kweli? Nataka kusoma mambo ya usalama wa kompyuta.
Kijana wa kidato cha sita, Tanga

JIBU: Kwa namba ya siri ya kawaida, hapana. Mfumo uliotengenezwa vizuri unakujibu mambo mawili tu: sahihi au si sahihi. Haukuambii kwamba tarakimu ya kwanza umeipata. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Kama mfumo ungekuambia kila tarakimu uliyoipata, ungehitaji majaribio yasiyozidi 40, kumi kwa kila nafasi. Ulinzi wote ungeisha hapo. Filamu ya WarGames ya mwaka 1983 ilionyesha hivyo kwenye namba za kurushia makombora, na wengi wakaendelea kuiga kwa sababu inawapa watazamaji kitu cha kusubiri. Cha ajabu ni kwamba filamu hiyohiyo ina jambo la kweli kabisa: kijana wa shule anaingia kwenye kompyuta ya jeshi baada ya kusoma habari za mtaalamu aliyeitengeneza, akagundua alikuwa na mtoto aliyefariki aitwaye Joshua. Jina la mtoto ndilo lililokuwa ufunguo. Ukiingia kwenye fani hii, mwanangu, soma hesabu kwa bidii, na usiache kuwasoma watu.

SWALI: Habari ya kazi Mwalimu. Ofisini kwetu bosi amebandika maneno ya siri ya akaunti zetu kwenye ubao, ili yeyote wa zamu ayapate. Nimemwambia ni hatari, anasema ubao uko ndani na wageni hawafiki. Nimwambie nini?
Katibu muhtasi, Mombasa

JIBU: Nzuri, dada. Msimulie habari ya TV5Monde, kituo cha televisheni cha Kifaransa. Usiku wa Aprili 8, 2015, kilivamiwa na matangazo yakakatika. Kesho yake waandishi wa France 2, kituo kingine cha huko, wakaenda kumhoji mwandishi wa kituo hicho, ofisini kwake, kuhusu uvamizi huohuo. Nyuma yake ukutani palikuwa na karatasi zenye maneno ya siri ya akaunti za kituo, na zote zikaonekana hewani. La YouTube liliposomwa vizuri lilikuwa “lemotdepassedeyoutube”, yaani neno la siri la YouTube, lenyewe kama lilivyo.

Mwambie ukweli wote, usimtie chumvi: karatasi zile hazikusababisha uvamizi, kwani mahojiano yalifanyika baada yake, na wavamizi walikuwa wameshaingia kwenye mitambo miezi kabla. Lakini ofisi iliyokuwa imejeruhiwa usiku uliotangulia ilijianika tena mbele ya nchi nzima kwa sababu kamera iliingia mahali ambapo “wageni hawafiki”. Ofisini kwenu kamera inaingia kila siku. Mfanyakazi akipiga picha ya keki ya kumuaga mwenzake, ubao uko nyuma. Mkutano wa video, ubao uko nyuma. Mhudumu wa mwaka jana aliyeachishwa kazi anaukumbuka ubao.

Msimalizie kwa kumlaumu bosi, mpeni njia nyingine ya kushika zamu. Kuna programu za kutunzia maneno ya siri ambazo ofisi nzima inaweza kutumia, kila mmoja akiwa na ufunguo wake, na anayeondoka anaondolewa. Kama hamziwezi kwa sasa, daftari moja ndani ya droo inayofungwa ni afadhali mara nyingi kuliko ubao.

SWALI: Mwalimu, pole na majukumu. Nina miaka 63, nauza vitenge sokoni. Namba yangu ya siri ya pesa za simu ilikuwa mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza. Mjukuu ninayeishi naye ameijua, na pesa zimekuwa zikipungua kidogo kidogo. Sitaki kumfukuza, mama yake yuko mbali. Lakini vitu vigumu sivikumbuki. Nifanyeje?
Bibi wa vitenge, Mbeya

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma kwa uzito, kwa sababu katika darasa langu la jioni hili ndilo tatizo linalonijia mara nyingi kuliko la wavamizi wa nje.

Mwaka wa kuzaliwa ni namba nyepesi mno. Ukichukua miaka yote kuanzia 1950 hadi 2010, ni namba 61 tu kati ya zile 10,000 nilizomtajia kijana wa Tanga. Na mjukuu wako hakuhitaji hata hizo 61. Anazijua birthdei za nyumba nzima. Namba za 1234, 1111 na 0000 nazo usiziguse. Mwaka 2012 mtaalamu Nick Berry alichambua namba za siri zipatazo milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta 1234 peke yake inakaribia 11 kati ya kila 100. Hata mtu maarufu anashikwa: Oktoba 2018 Kanye West alifungua simu yake mbele ya kamera, ndani ya ofisi ya rais wa Marekani, na dunia ikaona anabonyeza sifuri tupu.

Namba utakayoweka itoke kwenye kitu usichokipenda wala kukichukia. Andika 0 mpaka 9 kwenye vikaratasi, viweke ndani ya kikombe, toa kimoja, andika namba yake, kirudishe, tikisa, toa tena, mpaka upate nne. Ikitokea mwaka au namba zilizofuatana, rudia. Utaikumbuka kwa kuibonyeza. Baada ya siku chache vidole vitakuwa vimeizoea. Kwa siku hizo za mwanzo iandike kwenye daftari la mahesabu ya duka, katikati ya namba nyingine, bila kichwa cha habari.

Kama una barua pepe pia, au akaunti ya Facebook unayouzia vitenge, huko hawadai tarakimu nne, kwa hiyo weka maneno marefu. Fungua kamusi bila kuangalia, weka kidole, chukua neno, fanya hivyo mara nne. Unapata kitu kama “kobe sufuria upwa tarishi”. Mtu akichagua maneno manne kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,000 tu, michanganyiko inafika trilioni 16. Huo wangu usiutumie, umeshachapishwa. Wala usitumie methali, kwa sababu anayejua nusu yake anajua yote, na mstari wa wimbo wa kanisani ni vilevile. Kisha uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ule unaotaka namba ya ziada unapoingia kwenye simu mpya. Kijana yeyote mwaminifu wa duka la simu atakuonyesha, ila wewe ndiye ubonyeze.

Kuhusu mjukuu: badilisha namba kwanza, ndipo mzungumze. Usimwambie namba mpya hata ukiwa mgonjwa na unataka akutolee pesa. Mwombe mtu mzima unayemwamini aende nawe kwa wakala. Na muulize pesa zilikwenda wapi kabla hujakasirika. Wapo watoto niliowafundisha waliokuwa wakichukua nauli na hela ya mtihani kwa sababu waliona aibu kuomba. Kama ni hivyo, mpangieni kiasi cha kila wiki, umpe mkononi.