Bwawa la juu ya ardhi: pima uwanja kabla hujauliza bei

Swali: Fundi habari za kazi. Nataka kuwanunulia watoto bwawa la kuogelea la juu ya ardhi, la duara, upana mita 4.5, kina cha maji mita 1.2. Uwanja wangu umelala kidogo upande mmoja. Muuzaji kasema sio tatizo, nimwage mchanga upande wa chini nisawazishe, au kama sitaki usumbufu niliweke juu ya paa maana ni la zege na liko sawa kabisa. Ninunue, au nisubiri hela ya kujenga la kuchimba?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Ununue au usinunue ntakwambia, ila ngoja kwanza nimalizane na huyo muuzaji maana nimechoka naye, na sio wako tu, wako wengi na wote wanaimba wimbo mmoja, "hili ni la kuweka juu tu, halina kazi ya chini". Sasa linawekwa juu ya nini, juu ya mawingu?

Piga hesabu. Bwawa la vipimo hivyo likijaa linabeba lita kama 19,000, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwaiyo hapo una tani 19 zimekaa uwanjani kwako. Hayo mabomba na laina (ile plastiki inayoshika maji) yaliyokunjwa kwenye boksi ndo kitu chepesi kuliko vyote. Mzigo ni maji, na anayeubeba ni ardhi.

Mchanga uliomwagwa upande wa chini ukipata uzito unashuka, mvua ikipita chini yake unahama, na ukianza kushuka maji yanakimbilia hukohuko yanaongeza uzito, unashuka tena. Alafu maji hayadanganyiki, bwawa likiinama uso wa maji utabaki umenyooka, ndo maana ukitaka kulijua bwawa lililoinama pima toka kwenye maji mpaka ukingoni, pande zote. Watu wanaona sentimita 10 ni kitu kidogo, lakini kina kikitoka mita 1.2 kwenda 1.3 msukumo kwenye ukuta unapanda kama asilimia 17, na ukuta haukutengenezwa kwa hiyo. Nshaitwa kwenye bwawa lililofumuka upande wa mchanga, maji yametoka yote kwa mkupuo na yameondoka na uzio, bahati hakukuwa na mtu ndani. Aliyewauzia simu hapokei.

Kinachofanyika ni kuchimba upande wa juu ushuke ulingane na wa chini, sio kuujaza wa chini. Toa majani, mizizi na mawe, shindilia, pima kwa ubao mrefu na kile kifaa cha pima maji, au ule mpira wa maji wa mafundi ambao hauongopi. Toka ukingo mmoja hadi wa pili tofauti isizidi kama sentimita 2 na nusu, hata hiyo kwangu ni nyingi. Mchanga unakuja mwisho, tabaka jembamba tu la kulinda laina.

Sasa hilo paa. Kuwa sawa na kuweza kubeba ni vitu viwili tofauti kabisa! Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida inapigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200 kwa mita moja ya mraba, maji yako ya mita 1.2 ni kilo 1,200 kwenye eneo hilohilo. Kama hakuna mhandisi aliyelipigia hesabu paa hilo libebe bwawa, hapana, na usiniulize mara ya pili.

Na ukimsikiliza mtu wa namna hiyo kwenye ardhi utamsikiliza na kwenye maji. Atakwambia weka shabu, maji yatakuwa meupe. Shabu inakusanya uchafu uzame, vijidudu haiui, maji meupe yanaharisha watoto vizuri tu. Mwingine atakwambia mwaga chumvi hutahitaji klorini ya kuulia vijidudu, wakati mabwawa ya chumvi yana mashine inayotoa klorini kwenye hiyo chumvi, bila mashine una maji ya chumvi basi. Pata vipimo vya pH (uchachu wa maji) na klorini, pH ikae 7.2 hadi 7.8, klorini isishuke chini ya 1 ppm (miligramu moja kwa lita), na jua linaila klorini haraka kwaiyo pima kila siku mnayoogelea. Anayekuuzia bwawa bila kutaja vipimo hivi, au anayekutajia bei kabla hajauona uwanja, huyo anauza boksi.

Watoto nao, ukuta wa mita 1.2 sio uzio. Ngazi ikibaki pale, au boksi la pampu likiwa karibu na ukuta, mtoto anapanda, na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Ngazi itolewe kila mkimaliza, uzio wenye geti linalojifunga uwepo, mtu mzima akae pale na simu aiweke mbali. Kupiga mbizi kwenye kina hicho marufuku.

Kwaiyo nunua, huna haja ya kusubiri la kuchimba, ila hela ya kuchimba na kusawazisha itoke kwanza, bwawa lifuate. Pima huo mlalo uniandikie ni sentimita ngapi, maana ikizidi 30 ntakwambia uchukue dogo zaidi.