Shangazi Anajibu: Wageni kila wikiendi, mpishi yuko kazini

Shangazi shikamoo. Mimi niko Chumbageni hapa Tanga, nimeolewa, kazini natoka saa kumi na moja jioni na Jumamosi ni nusu siku. Mume wangu mtu wa watu, kila wikiendi anaalika, mara mawifi kutoka Pangani mara rafiki zake wa mpira, na wote wanategemea wali wa nazi, samaki wa kupaka, chapati, tambi, juisi, yaani harusi kila wiki. Juzi nikaoda biriani kwa mama mmoja anapikia nyumbani kwake, nikaipakua kwenye sinia langu kimya kimya, wifi akaonja tonge moja akasema "huu si mkono wako." Mpaka leo simu yake sipokei. Kwani kuoda ni kosa?

Marahaba mwanangu. Kwanza pokea simu ya watu.

Kuoda si kosa hata kidogo. Mahamri na mbaazi za asubuhi wangapi hapa mjini wanapika wenyewe, na mkate wa ajemi je? Tunanunua na hakuna anayeona haya. Mi nahisi kilichomchoma wifi yako ni kule kuhamishiwa sinia ukidhani hatojua. Siku nyingine sema tu mapema, "wifi leo nimechukua biriani kwa mama fulani, ana mkono huyo!" utashangaa atakuomba namba na yeye aode.

Afu hiyo harusi ya kila wiki ivunje. Pika kitu kimoja kikubwa, vingine nunua au acha, tambi pembeni ya wali na chapati za nini jamani? Na anayealika ndo aende soko la samaki la Deep Sea asubuhi akachague changu au kolekole, aparuliwe hukohuko, akirudi akune nazi. Mbuzi ikimshinda kuna blenda, maji ya vuguvugu, anachuja, tui ni tui (bibi zetu watanisamehe).

Samaki mchanje, mpake chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, aende kwenye mkaa. Tui la kwanza liweke jikoni na bizari, thomu na pilipili, ukoroge bila kuondoka mpaka lichemke na kuwa zito, hapo wasap iache maana ukigeuka tu ukasahau kukoroga limekatika, linabaki mafuta mafuta na mabonge. Ukwaju au ndimu mwishoni. Halafu unampakia samaki akiwa hukohuko kwenye makaa, unamgeuza unapaka tena, mpaka lile tui linashika na kuanza kuungua kidogo pembeni, hapo kwenye kuungua ndo penyewe. Tui la pili linapikia wali. Pika unaoisha, kwa joto letu hili wali wa nazi ukiuacha nje mpaka jioni unachacha, uliobaki wafungie wageni waende nao au uweke friji mapema.

Na mumeo mwambie, si kwa ugomvi, kwamba wikiendi mbili kwa mwezi zinatosha.

Shangazi, mi kijana wa Makorora. Nikialika washkaji wanapiga picha chakula mpaka kinapoa, wakianza kula simu mkononi, hakuna stori. Niwaambieje?

Usiwaambie kitu baba. Acha kumpakulia kila mtu sahani yake, tandika mkeka, weka sinia moja watu wanne watano, wanawe wale kwa mkono. Najua mkono wa kushoto utabaki na simu, ila kwenye sinia la pamoja hakuna anayemsubiri mpiga picha, akiinua kichwa mnofu wa mgongoni umeshaondoka na mwenzie yuko kwenye kichwa anafyonza. Mara moja tu hiyo, safari ya pili simu wenyewe wataziacha mfukoni.