Jibu: Dogo kachangamka ghafla, nimpeleke Kibosho akapumzike?

Mkuu, huyo mdogo wako usimpeleke kijijini Kibosho wala popote akakae peke yake. Umeandika mwenyewe: miezi miwili halali vizuri, kagawa simu na viatu, kasamehe watu madeni, halafu tangu Jumapili "amerudi kuwa yeye, anacheka". Wewe umemshukuru Mungu, mimi nimesoma nikasimama. Anayegawa vitu vyake kisha akatulia ghafla huenda hajapona. Huenda ameshaamua, na ule uamuzi ndio umemtua mzigo.

Umemuuliza? Namaanisha kwa neno lenyewe: "Umefikia kuwaza kujiua?" Najua hujamuuliza, maana umeandika "sitaki kumpa wazo". Hilo ndilo kosa langu, wiki mbili nzima, na halisimuliwi hapa. Nililishwa na mshauri mmoja mwenye cheti ukutani, akaniambia ukilitaja unaliita. Kama nyoka wa usiku, eti sema kamba! Nami mwenye akili zangu timamu nikasema kamba, na ada nikalipa. Jambo hili limefanyiwa utafiti mara nyingi: kuuliza hakumpi mtu wazo. Wengi hushusha pumzi, kwamba hatimaye yupo anayeweza kulisikia.

Kinachoharibika ni namna ya kuuliza. Ukisema "Usiniambie unawaza ujinga, eh?" umeshamchagulia jibu, atasema hapana. Ukisema "kujidhuru" atakujibu la kujidhuru, na hayo ni mambo mawili. Tembeeni, au mkae bega kwa bega, maana uso kwa uso ni kituo cha polisi. Anza na ulichokiona: viatu, simu, usingizi. Kisha neno lenyewe. Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, utatamani kukijaza na mstari wa Biblia au namna mama atakavyolia. Kiache. Akisema ndiyo, mshukuru kwa kukuambia, halafu endelea: amepanga namna? Amepanga siku? Hicho kitu anacho karibu? Amewahi kujaribu? Kila "ndiyo" inakupunguzia muda. Akitaka uape kutunza siri, kataa palepale. Mwambie utachagua naye wa kuambiwa, lakini mtu ataambiwa. Akiogopa polisi, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujaribu. Kuwaza si kosa, na kusema si kosa.

Akiwa na mpango, ni leo, si Jumatatu. Hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi, upande wa dharura. Awe na mtu muda wote, hata chooni mlango usifungwe kwa ndani. Sentensi yako ya kwanza mapokezi iwe "amesema anataka kujiua na ana mpango". Ukianza na "halali vizuri, hana raha" atapimwa malaria, mtapewa Panadol, na saa moja jioni mko nyumbani Pasua mnakunywa chai mkidhani kazi imeisha.

Dawa zote, za hospitali na za shamba, zitoke nyumbani kabisa. Kuzificha juu ya kabati ni mchezo wa watoto, yeye ndiye anayeijua nyumba. Pombe nayo itoke, mbege ikiwemo, msinibishie Wachaga wenzangu. Akiandikiwa dawa za sonona, omba zitolewe za wiki moja moja na uzitunze wewe. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, na nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla huzuni haijaondoka. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa hospitali si siku ya sherehe. Wiki zile za kwanza ndizo za kulala naye chumba kimoja.

Sasa linganisha na huo mpango wako wa Kibosho: bibi aliyelala saa mbili, mtandao wa kusubiri juu ya jiwe, na stoo ya shamba isiyo na kufuli. Mapumziko gani hayo?

Uliuliza na bei ya mshauri (kwa mshauri mimi usinisikilize, nina kinyongo), na cha kumwambia bosi wake, na kingine kimenitoka. Hayo yatasubiri. Uko Sakina, Arusha, kosta za Moshi bado zinaita abiria. Mpigie jirani yake sasa hivi akakae naye, wewe uwe njiani. Ukishamuuliza, rudi hapa uandike alichojibu baada ya kile kimya.